Mpasuko wa mdomo na kaakaa kwa watoto wachanga: huku kwetu Lamu ni wangapi hasa?

Mkunga Mstaafu, Amu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali nililoulizwa wiki iliyopita nikingoja boti katika gati la Mokowe. Mama mmoja wa makamo, ambaye mjukuu wake amezaliwa na mdomo uliopasuka, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya nyumba: "Bi mkunga, katika miaka yako yote umewahi kuwaona wengine kama huyu, au ni sisi peke yetu?" Nilimwambia kwamba nimewaona, tena si mmoja wala wawili. Alishusha pumzi, akajifunga leso yake upya, kisha boti ikaja tukaagana. Swali lake nimerudi nalo nyumbani, na ningependa kulijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa najua wako wengi wanaojiuliza vivyo hivyo.

Nianze na hesabu. Idadi inayotajwa zaidi duniani ni mtoto 1 mwenye mpasuko kati ya kila 700 wanaozaliwa hai, ingawa Shirika la Afya Duniani hutaja 1 kati ya 1,000 hadi 1,500. Hesabu hutofautiana kulingana na nchi zilizohesabiwa, kama waliozaliwa wafu wamejumuishwa, na kama mpasuko uliojificha ndani ya kinywa umetafutwa au umeachwa. Hali hii huonekana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na kwa wenyeji wa asili wa Marekani, ambao kwao hufikia takriban 1 kati ya 500. Kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama 1 kati ya 1,000, na kwa watu wa asili ya Afrika hutajwa idadi ndogo kuliko zote, yaani 1 kati ya 2,500. Hiyo ya mwisho ninaikubali nusu, na nusu nina shaka nayo, kwa sababu nitakazozieleza.

Tuilete hesabu hii nyumbani. Sensa ya 2019 ilipata watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kwa kila watu 1,000 huzaliwa watoto 30 kwa mwaka, na hapo tutapata watoto 4,300 hivi. Kwa kipimo cha 1 kati ya 700 tungetarajia watoto 6 kila mwaka wenye mpasuko, na kwa kipimo cha 1 kati ya 2,500 wasingefika 2. Sasa watawanye watoto hao kati ya Amu, Shela, Matondoni, Kipungani, Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau, Kiunga, Hindi, Mpeketoni na Witu. Zahanati inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi itakaa karibu miaka 6 kabla ya kumwona mmoja kwa kipimo cha kwanza, na karibu miaka 20 kwa kipimo cha pili. Muuguzi anaweza kupangiwa kazi pale, akaolewa pale, akazaa na kuhamishwa, bila kumwona hata mmoja. Ndiyo maana kila mtoto wa namna hii huonekana kana kwamba ni wa kwanza tangu dunia iumbwe, na jambo linaloonekana mara moja katika kizazi kizima halikosi kutafutiwa mchawi.

Kinachotokea tumboni ni hiki. Uso wa mtoto haufinyangwi kwa kipande kimoja, bali hujengwa kwa vipande vinavyosogea kutoka pembeni na kuungana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa, yaani dari la kinywa, kati ya wiki ya 6 na ya 9. Mbao mbili za kaakaa huwa kwanza zimening'inia kandokando ya ulimi, kisha huinuka, zikalala na kukutana katikati kama mbao mbili za mlango wa Kiamu zinavyofungwa na kukutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Zikichelewa kuinuka, au zikiwa fupi, au ulimi ukizizuia, mlango hubaki wazi. Mimba ikiwa ya wiki hizo, akina mama wengi hawajajua hata kama wameshika.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Katika mwaka wa tatu wa kazi yangu nilimzalisha mama mmoja aliyeletwa na mashua usiku. Alijifungua mtoto wa kike wa kilo 3.1, aliyelia vizuri na mwenye midomo mizuri kabisa. Nilihesabu vidole, nikatazama kitovu, mgongo na njia ya haja, nikaandika kwamba mtoto ni mzima. Kinywani sikuangalia. Wiki 3 baadaye aliletwa akiwa na kilo 2.4, ngozi ya mapaja imekunjamana kama ya mzee, na maziwa yakimtoka puani kila alipojaribu kumeza. Mama yake alikuwa ameambiwa na kila aliyemtembelea kwamba hana maziwa, ilhali matiti yake yalikuwa yamejaa hadi yanamuuma. Nilipomfungua mtoto kinywa na kumulika tochi, pale panapopaswa kuwa na dari niliona giza, na ndani ya giza hilo nikauona ukuta unaoigawa pua. Mtoto mwenye tundu la namna hiyo hawezi kufyonza, kama vile mtu hawezi kunywa kwa mrija uliotoboka. Tulimkamulia maziwa ya mama yake, tukamnywesha kwa kikombe kidogo akiwa ameketi wima, funda baada ya funda, na uzito ulianza kupanda siku ya 11. Aliishi, Alhamdulillahi. Lakini daftari la kuzalishia bado lina mwandiko wangu unaosema hakuna kasoro, na kwa hesabu za mwaka ule mtoto yule hayumo.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Nchini Marekani, ambako watoto hufuatiliwa kwa karibu, mpasuko wa mdomo, uwe na wa kaakaa au usiwe nao, hupatikana kwa mtoto 1 kati ya 1,000 hivi, na mpasuko wa kaakaa pekee kwa 1 kati ya 1,700. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wote wenye hali hii hawaonekani kwa nje. Ukisoma ripoti nyingi za hospitali za Afrika utakuta wale wa kaakaa pekee ni wachache mno. Ama kweli watoto wetu hawaipati sana, ama wanaipata na hatuwaoni. Mimi naamini yote mawili yamo.

Baba wa Watatu, Malindi

Wa alaykumu ssalam, Bi Mkunga. Nimeusoma uzi wako mara mbili, kwa kuwa mwanangu wa pili alizaliwa na mpasuko wa mdomo upande wa kushoto, na sasa mke wangu ni mjamzito tena. Majirani walimweleza mama mkwe wangu kwamba binti yake alishika kisu usiku wa kupatwa kwa mwezi, na tangu siku hiyo mke wangu amekuwa akijilaumu, hata kukata samaki jikoni akawa anamwachia dada yake. Ningependa kujua mambo mawili bila kufichwa: nini hasa kinaleta hali hii, na uwezekano wa mtoto tunayemtarajia kuwa nayo ni wa kiasi gani?

Mkunga Mstaafu, Amu

Baba, kwanza mwambie mama watoto arudi jikoni akiwa na moyo mweupe. Mwezi ukipatwa, huwakuta wajawazito wote wa pwani kuanzia Kiunga hadi Vanga kwa usiku mmoja, na kama kisu kingekuwa ndicho sababu, miezi kadhaa baadaye wodi zote zingejaa watoto wenye midomo iliyopasuka. Halijatokea hilo.

Mwanao ni mfano wa kawaida kabisa wa hali hii. Mpasuko wa mdomo huwapata wavulana takriban mara mbili kuliko wasichana, na upande wa kushoto mara mbili kuliko wa kulia, huku wa pande zote mbili ukiwa nadra zaidi. Mpasuko wa kaakaa pekee, kinyume chake, huwapata zaidi wasichana, kama yule wangu wa mashua.

Kuhusu sababu, kwa watoto wengi hakuna kitu kimoja cha kunyooshea kidole. Mara nyingi ni vinasaba kadhaa vya baba na vya mama, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo, vinavyokutana na mazingira ya mimba katika wiki zile chache. Yako mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano, nayo ni uvutaji wa sigara, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti na topiramati. Mama anayetumia dawa hizo asizikatize peke yake, kwa sababu degedege la mama mjamzito nalo huua, bali azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Swali lako la pili lina jibu la namba. Wazazi wasio na mpasuko, wakiwa na mtoto mmoja mwenye nao, uwezekano wa mtoto anayefuata kuwa nao ni kati ya asilimia 2 na 5. Ni zaidi ya familia nyingine, sikufichi, lakini ina maana pia kwamba kati ya wazazi 100 walio katika hali yenu, 95 au zaidi watapata mtoto asiye na mpasuko. Hesabu hubadilika ikiwa mzazi mwenyewe au ndugu wengine wanao. Chunguza pia midomo ya chini ya mwanao, yako na ya mama yake. Vikionekana vijishimo viwili vidogo, huenda ni ule ugonjwa wa kurithi uitwao Van der Woude, ambao mzazi mwenye nao humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapo inafaa mumwone daktari.

Vidonge vya foliki asidi aendelee navyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ushahidi ni imara kwa kuzuia mgongo wazi, na kwa kuzuia mpasuko wa mdomo ni dhaifu zaidi, kwa hiyo siwezi kukuahidi. Tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe foliki asidi, lakini ule tunaousagisha mtaani haumo katika mpango huo, na familia nyingi za Malindi na Lamu hula huo.

Mwanafunzi wa Uuguzi, Malindi

Bibi, shikamoo. Naomba kutofautiana nawe kidogo, kwa heshima. Hesabu ya 1 kati ya 2,500 haikutoka Afrika peke yake. Imeonekana pia kwa watu weusi wanaoishi Marekani, ambako huduma ni zilezile na daftari ni lilelile, na bado idadi yao huwa chini ya ya wazungu. Isitoshe, tangu 2013 malipo ya kujifungua yalipoondolewa katika hospitali za serikali, akina mama wengi zaidi wanajifungulia hospitalini, kwa hiyo watoto wanaopotea bila kuonekana wamepungua. Naona tusije tukawafanya watu waamini kwamba kuna wimbi kubwa lililofichwa.

Mkunga Mstaafu, Amu

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kuhusu watu weusi wa Marekani, na hiyo ndiyo nusu ninayoikubali. Nami sisemi kuna wimbi. Ninachosema ni kwamba humu nchini huzaliwa zaidi ya watoto milioni 1 kila mwaka, na kwa kila milioni 1, tofauti kati ya kipimo cha 1 kwa 2,500 na kile cha 1 kwa 700 ni ya kutoka watoto 400 hadi 1,400 na zaidi. Anayepanga idadi ya madaktari wa upasuaji, vitanda na walimu wa matamshi akitumia hesabu ya chini, na ukweli ukawa uko katikati, kuna mamia ya watoto ambao hawamo katika mpango wake.

Na kuzaliwa hospitalini peke yake hakutoshi, maana yule wangu alizaliwa mikononi mwa mkunga mwenye cheti. Hata Uingereza, pamoja na vifaa vyote walivyo navyo, idadi kubwa ya watoto wenye mpasuko wa kaakaa pekee walikuwa wakigunduliwa baada ya saa 24 za kwanza, na ndiyo maana 2014 chuo chao cha madaktari wa watoto kilitoa mwongozo kwamba kaakaa liangaliwe kwa macho, kwa tochi na kijiti cha kubania ulimi, hadi kimio, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa, kionekane. Wengi wetu tulifundishwa kupitisha kidole tu. Kidole hukuta sehemu ya mbele iliyo ngumu na kuridhika, ilhali tundu liko nyuma, kwenye nyama laini. Hata skani ya wiki ya 20 inaweza kuuonyesha mdomo uliopasuka, lakini kaakaa pekee mara nyingi hailioni.

Nikitaja kimio, niongeze neno kwa wazazi. Kimio kilichogawanyika pacha kinaweza kuwa dalili ya mpasuko uliofunikwa na ngozi nyembamba. Mtoto akikohoa na kupaliwa kila anyonyapo, msikimbilie kumpeleka kukatwa kimio.

Mwalimu, Mpeketoni

Nina jambo fupi tu. Darasani kwangu kuna mvulana ambaye wenzake humwita "sungura", na hata watu wazima husema "mdomo wa sungura" bila nia mbaya. Je, kuna jina lifaalo zaidi?

Mkunga Mstaafu, Amu

Mwalimu, sema "mpasuko wa mdomo" na inatosha. Jina la sungura halifai hata kwa maelezo yake, kwa sababu sungura mdomo wake umegawanyika katikati, na wa mtoto hupasuka kando, kwenye mstari ulio upande mmoja au pande zote mbili za kile kijifereji kilicho chini ya pua, pale vipande vya uso vilipopaswa kuungana. Ikiwa mvulana huyo anasema kwa puani na herufi kama *p*, *b* na *t* zinamshinda, kaakaa lake lichunguzwe. Umwulize pia kama anasikia vizuri, kwa maana maji hukusanyika nyuma ya ngoma za masikio ya watoto hawa, na wengi hudhaniwa ni wazito wa kuelewa wakati hawakusikia ulichosema. Mketishe mbele.

Mvuvi wa Pate

Mama, mimi si mtu wa kuandika sana. Kabla yangu mama yetu alizaa mtoto aliyeishi siku 40 kasoro, na sisi tuliambiwa tu kwamba "kinywa chake hakikuwa kizuri". Hakuandikwa kokote, na kaburi lake halina alama. Sasa dada yangu amejifungua nyumbani siku 9 zilizopita, mtoto wa kiume, mdomo umepasuka hadi kwenye tundu la pua, na akinyonya maziwa yanarudi puani. Wazee wanasema asitolewe nje mpaka atimize arubaini. Tufanye nini?

Mkunga Mstaafu, Amu

Mwanangu, Mungu amrehemu yule wa kwanza. Huyu wa sasa asingoje arubaini. Mweleze dada yako haya usiku huu huu, na wazee uwasomee maneno yangu.

Akamue maziwa yake katika kikombe kisafi. Mtoto amketishe wima mapajani, kichwa kikiwa kimeegemea mkono, amguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe kidogo au kwa kijiko, na angoje ameze kabla ya kumpa funda jingine. Asimlaze chali wakati wa kumlisha. Maziwa yakitoka puani apanguse tu na kuendelea, maana hilo litatokea na si la kutisha. Amcheue mara kwa mara, kwa sababu watoto hawa humeza hewa nyingi, na ampe kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Wakati wa kulala asimfunike uso. Kama pumzi zinakwama au anageuka rangi midomoni, hiyo ni dharura na msingoje kuche.

Kesho mpelekeni akapimwe uzito na kinywa chake kiangaliwe. Mtoto wa siku 9 huwa anakaribia kurudia uzito aliozaliwa nao, na ingawa hamkumpima siku ile, tukimpima kesho na tena baada ya siku 3 tutajua anakwenda wapi.

Baba wa Watatu, Malindi

Ndugu yangu wa Pate, pole, na usikate tamaa. Mwanangu alishonwa mdomo akiwa na miezi 4, na leo kovu lake ni uzi mwembamba ambao mgeni haoni mpaka aambiwe. Upasuaji wenyewe hatukulipia, tulichogharamia ni nauli na chakula. Bi Mkunga, mweleze masharti, kwa sababu sisi tulirudishwa nyumbani mara ya kwanza bila kuelezwa sababu, na safari ya bure na mtoto mchanga ni mateso.

Mkunga Mstaafu, Amu

Pole kwa safari hiyo, baba. Mlipaswa kuelezwa. Kipimo cha zamani ambacho wengi bado hukitumia huitwa kanuni ya kumi: mtoto awe na wiki 10, uzito wa ratili 10, ambazo ni kama kilo 4.5, na kipimo cha wingi wa damu, yaani hemoglobini, kiwe 10. Siku hizi mdomo hushonwa kati ya miezi 3 na 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kusema vibaya. Wanaorudishwa mara nyingi hurudishwa kwa sababu ya uzito au upungufu wa damu, ndiyo maana kikombe na kijiko cha leo ndivyo vinavyoamua tarehe ya upasuaji. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, hugharamia upasuaji huu katika hospitali washirika humu nchini, na Operation Smile, lililoanzishwa 1982, lilianza kufanya kazi Kenya 1987. Mtoto akishapokelewa, msidhani kazi inaishia kwenye uzi wa kushonea, kwani masikio, meno na matamshi yatahitaji kuangaliwa kwa miaka.

Mvuvi wa Pate

Mama, tumefanya ulivyosema. Jana usiku alikunywa vijiko 14 na hakupaliwa, kisha akalala. Bibi yetu amekubali atolewe, amesema mwenyewe atakuja naye. Tutashuka Mokowe kesho kwa boti ya saa moja asubuhi, kama maji yatakuwa yamejaa.

Mkunga Mstaafu, Amu

Nitakuwa gatini. Beba maziwa yaliyokamuliwa katika chombo chenye kifuniko, na mfunike mtoto vizuri, maana upepo wa asubuhi ni mkali. Kijitabu cha mama na mtoto hana, kwa kuwa alizaliwa nyumbani, kwa hiyo tutaanza kwa kumwombea kipya. Na wewe mwanafunzi wangu wa Malindi, nimeongea na muuguzi wa zamu. Ameniambia kwamba katika daftari lake hamna safu ya kaakaa, basi ataichora kwa rula pembezoni mwa ukurasa, na huyu mtoto wa Pate ndiye atakayeandikwa humo kwanza.